Siku Tatu Kavu

Saa moja kasoro dakika tano jioni, siku ya Jumatano, Mama Neema aliosha sufuria kubwa, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza kifudifudi juu ya jiko na kusema kwamba haitageuzwa tena mpaka Jumamosi, saa ile ile. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetangaza kwamba mkate umekwisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni, begani nina mfuko wa vifaa vyangu, mfuko mkubwa kuliko mimi, wenye harufu ya jasho la watoto wote waliowahi kuvaa vitu vilivyokuwamo. "Siku tatu, kavu," alisema. "Hakuna chakula, hakuna maji. Nyumba muzima. Ni kwa ajili ya Riziki na ule muchezo yake ya barafu." Riziki ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na Jumamosi asubuhi nilitakiwa kusimama golini katika mashindano ya vijana ya hoki ya barafuni, yaliyokuwa yameleta klabu kutoka nchi kadhaa mpaka Johannesburg. Nilifurahi. Ni lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilisikia kwamba watu wa nyumba ile watalala njaa kwa ajili yangu, na nikafurahi.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Neema. Kutoka makaburini tulirudi La Rochelle, mtaa wa hapa hapa Johannesburg, nyumbani kwa binti yake, na wanawake wa kanisa wakapakua wali na maharage kutoka kwenye masufuria ya kukodi. Watu walikula na kumsimulia marehemu. Alikuwa mwanamke wa kufunga, walisema. Alimfungia huyu akapata kazi ya ulinzi, alimfungia yule mimba ikakaa, alimfungia mwingine polisi wakamwachia. Kila mtu sebuleni alikuwa na kufunga kwake, na kila kufunga kulikuwa na jibu lake. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Alinifungia na mimi," nikainua kijiko. Hakuna aliyeuliza zaidi, maana chumba kizima kilikwisha kudhani kinajua mwisho wake. Mimi ni fundi wa cherehani. Nina kibanda Troyeville, na kazi yangu imenizoeza kufungua kitu, kupanga vipande mezani kwa utaratibu vilivyotoka, na kutafuta mahali mwendo ulipokatikia. Nitaufungua mwaka ule kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba cherehani nairudisha kwa mwenyewe ikiwa inashona.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Bellevue, moja ya zile nyumba za zamani zenye dari ya bati lililochorwa maua, ambazo mwenye nyumba alizikata kwa mbao mpaka kila chumba kikawa viwili. Mimi nililala chumba cha mbele pamoja na Mama Neema, mlezi wangu, mwanamke wa Bukavu aliyesuka nywele kwenye kibaraza karibu na soko, na binti yake Neema, aliyekuwa na miaka kumi. Nyuma waliishi ndugu wawili washonaji, na kwenye chumba kilichokuwa stoo alilala Papa Sylvain, mlinzi wa geti la majumba ya ofisi. Sisi sita tulikula sufuria moja. Katika kile kilichowahi kuwa chumba cha kulia cha wenyewe wazungu aliishi Bi Mwanahamisi wa Tanga, aliyeuza maandazi na chai ya maziwa karibu na robot ya kona, yaani taa za kuongozea magari. Yeye hakuwa wa sufuria yetu, alikuwa na jiko lake, lakini alikuwa wa maneno yetu. Ukuta kati yake na sisi ulikuwa wa mbao nyembamba, na kila tulilosema alilijibu kutoka upande wa pili bila kuinuka kitandani.

Barafu niliipata kwa sababu ya shule. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia karo ilikuwa imetushinda, na nilikaa nyumbani miezi miwili nikifua na kusuguliwa na mawazo. Kisha ukaja mradi mmoja wa kuwafundisha vijana wa katikati ya jiji kuteleza, bure, katika uwanja wa barafu uliokuwa ndani ya jengo la maduka. Nilienda kwa sababu walikuwa wakitoa sandwichi. Sikuwa hodari wa kuteleza, na sikuwa hodari wa kukimbiza paki, yaani kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokipiga kwa magongo. Lakini siku moja hakukuwa na mtu wa kukaa golini, na Kocha Hettie, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alinielekezea kidole. Alinivika magodoro ya miguuni, kifua cha plastiki, na kofia yenye chuma usoni. Paki ya kwanza ilinigonga kifuani, ya pili mkononi, ya tatu begani. Nilisubiri maumivu yaje na hayakuja. Nilikuwa mtoto aliyekulia kwenye mambo yanayompata mtu bila kinga yoyote, na hapa nilipewa mahali ambapo kazi yangu ilikuwa kugongwa, na nimevikwa kwa ajili hiyo. Tangu siku ile sikukosa mazoezi hata mara moja.

Ninachotaka kieleweke ni jasho. Hewa ya uwanjani ilikuwa baridi kiasi cha kuona pumzi yako, lakini ndani ya vile vifaa kipa anachemka. Anapiga magoti, anainuka, anapiga magoti tena, amebeba mzigo wa mtoto mdogo mwilini mwake, na jasho linamshuka mpaka linajaa ndani ya viatu. Ndiyo maana juu ya goli kuna chupa ya maji. Kipa huinua kinyago, hujimwagia usoni, husukutua, hutema, kisha hunywa. Watazamaji wanaiona chupa hiyo na kudhani ni pambo. Nilikuwa nikirudi nyumbani na nguo zinazodondoka, na Mama Neema alizichukua, akazikamua uani na kuzianika. Kila mara alitikisa kichwa na kusema, "Ile barafu inayeyuka mingi." Alidhani ni maji ya barafu. Alidhani mtoto wake anachezea juu ya barafu, anaanguka, na barafu inamlowanisha, kama mtu anayecheza mtoni anavyolowana. Hakuwahi kuuliza, na mimi sikuwahi kujua kwamba kuna la kueleza.

Mashindano yale yalikuwa ya klabu, si ya mataifa, na kwa hiyo yalikuwa mashindano pekee ambayo mtu kama mimi angeweza kuyacheza. Nilikuwa na karatasi ya hifadhi ya wakimbizi, ile inayokunjwa mara nne na kufunguliwa mpaka inatoboka kwenye mikunjo, na kwa karatasi ile hupandi ndege. Wenzangu walikwenda kucheza kwingine, nami nilibaki. Mwaka ule wa nje walikuja wenyewe. Na juu ya hayo, shule moja ya bweni ya upande wa kaskazini, yenye timu yake na maktaba yake, ilikuwa imemwambia Kocha Hettie kwamba itampa msichana mmoja nafasi ya kusoma bure miaka miwili iliyobaki. Mwalimu mkuu angekuja Jumamosi kutazama mechi ya kwanza. "Anakuja kukuona wewe," kocha aliniambia tukikusanya magongo. "Simama tu kama unavyosimama kila siku, msichana wangu. Sitaki miujiza." Nilirudi nyumbani nikarudia maneno hayo mezani, na kosa langu, kama ni kosa, lilikuwa kutafsiri hayo ya mwisho. Mama Neema aliweka tonge chini. "Yeye hataki," alisema. "Sisi tunataka."

Kufunga kavu halikuwa jambo la ajabu katika nyumba ile. Lilikuwa njia yetu ya kufanya kazi, kama wengine wanavyoandika barua au kumwona wakili. Likija jambo kubwa, sufuria inageuzwa. Mwenye jambo anafunga pamoja na wote, maana hakuna atakayekubeba ikiwa wewe mwenyewe umeketi. Pesa ambayo ingenunua unga na samaki wa siku zile inawekwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na jibu likija, kopo linapelekwa kanisani kuwa shukrani. Pesa ya kopo haikopwi, haiguswi. Mama Neema alikuwa amefunga hivyo kabla ya kuhojiwa ofisi ya wakimbizi na akapewa karatasi. Papa Sylvain alifungiwa, akapata geti. Mimi ni mtu wa kutaka ushahidi, hata wakati ule nilikuwa hivyo, na ushahidi wote niliokuwa nao ulikuwa upande wa sufuria iliyogeuzwa.

Upinzani ulitoka nyuma ya mbao. "Mama Neema," Bi Mwanahamisi aliita usiku ule ule wa Jumatano, "hata sisi tunafunga. Lakini jua likizama tunakula kama binadamu. Nyie mnafunga kama mnamkomoa Mungu."

"Lala, Bi Mwana. Hii haiko mambo yako."

"Na mtoto ana mchezo. Msafiri anasamehewa, mgonjwa anasamehewa. Huyo atakimbia na magodoro mwilini."

"Atakimbia ku barafu," Mama Neema alijibu kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Ku baridi. Minakuuliza, ni nani anatoka jasho ndani ya friji?"

"Shoga, wewe barafu umeiona wapi? Kwenye glasi ya soda."

"Na weye?"

Kisha Bi Mwanahamisi akasema, "Na mimi kwenye glasi ya soda," na wote wawili wakacheka, kila mmoja kitandani kwake. Nimeyarudia mazungumzo hayo zaidi kuliko maneno yoyote niliyowahi kusoma. Mtu wa tatu mle ndani aliijua barafu, na mtu huyo nilikuwa mimi, nimelala kati ya Neema na ukuta, nikicheka pamoja nao. Sikusema neno kwa sababu sikuwa na neno la kusema. Niliijua kiu ya golini kwa mwili, kama mtu anavyojua ngazi za kwao gizani. Ile ya kuieleza, kwamba mwili una akiba ya maji na akiba hiyo ina mwisho, niliikuta miaka kadhaa baadaye katika kitabu cha maktaba, wakati haikunifaa kitu.

Ilikuwa Julai, na Julai ya Johannesburg ni kavu yenyewe: nyasi za njano, midomo inayopasuka, nywele zinazotoa cheche ukivua sweta. Alhamisi ilipita kwa urahisi. Washonaji walishona, Papa Sylvain alikwenda getini na kurudi, Mama Neema alisuka vichwa viwili bila kumeza mate, au ndivyo alivyotuambia. Neema alifunga mpaka saa sita mchana, kwa sababu ya utoto wake, kisha akapewa mkate aulie uani ili harufu isitufikie. Ijumaa mchana nilikwenda mazoezi mepesi. Kocha Hettie alinitazama akauliza kama nimelala. Nilisema nimelala. Kisha nikagundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: chupa. Kipa asiyegusa chupa yake ataonekana. Kwa hiyo niliinua kinyago, nikajaza mdomo maji, nikayasukutua huku na huku, nikayatema yote kwenye barafu. Yalikuwa maji ya bomba yenye ladha ya plastiki. Ulimi wangu uliyashika kama mkono unavyoshika nguo ya mtu anayeondoka. Niliyatema, nikafuta mdomo, na nilipoinua macho kocha alikuwa ameridhika akitazama kwingine. Niliona fahari. Nilikuwa nimewashinda wote wawili, kocha na kiu.

Jioni ile Bi Mwanahamisi aliniita jikoni kwa kidole. Alikuwa na bakuli la uji wa mchele, mwembamba, wenye tangawizi. Mama Neema alikuwa chumbani akiomba, na sauti yake ilikuja kwa vipande, jina langu, jina la shule, jina langu tena. "Kunywa, mwanangu," Bi Mwanahamisi alinong'ona. "Mungu wako na wangu ni mmoja. Mimi nitamwambia ni mimi." Mvuke ulinigusa pua. Nilisema, "Asante, Bi Mwana, siwezi." Alisema siwezi ni neno gani, mdomo si ninao. Nilimwambia kwamba Papa Sylvain anasimama getini usiku wa tatu na tumbo tupu kwa ajili yangu, na wale ndugu wawili wanakanyaga cherehani, na kama mimi ninayefungiwa nitakunywa, wao watakuwa wamelala njaa bure. "Haya," alisema, akamimina uji kwenye sinki polepole, kama anayenipa nafasi ya kumzuia mkono. Nilisimama nikautazama ukipotea. Kati ya mambo yote ya mwaka ule, uji ule ndio ninaouota.

Mechi ilianza saa nne, na tulicheza na wasichana wa Uturuki. Nilivaa vifaa nikiwa nimetulia kupita kawaida, moyo ukienda mbio lakini mbali, kama wa mtu mwingine chumba cha pili. Kipindi cha kwanza nilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nimejaribu mara nyingi kukipunguza na hakipungui. Niliiona kila paki tangu inapotoka kwenye gongo. Nilifungwa moja, tukafunga mbili. Wakati wa mapumziko kocha alipiga kofia yangu kwa kiganja na kuniambia mwalimu mkuu ameketi safu ya tatu, mwanamke mwenye koti la kijani, na kwamba ameuliza jina langu linaandikwaje. Nilijaza mdomo maji, nikayatema. Kipindi cha pili mguu wa kulia ulianza kukaza, kisha wa kushoto, kisha vidole vya mkono ndani ya glavu vikajikunja vyenyewe. Paki zikawa mbili. Nilichagua moja na mara nyingine nilichagua sawasawa. Sikuwa nikitoka jasho tena, na nakumbuka kwamba hilo nililiona kuwa jibu la maombi: hatimaye nilikuwa ninacheza barafuni jinsi Mama Neema alivyodhani watu wanacheza barafuni, mkavu na mwepesi. Kisha nilipiga magoti kuzuia paki ya chini na sikuinuka. Nililala ubavu. Kinyago kilikuwa kimesogea, shavu langu likawa juu ya barafu, na joto la shavu likaiyeyusha. Maji yalikusanyika kwenye pembe ya mdomo wangu, kijiko kimoja labda. Nilisikia magongo yanaanguka na watu wanateleza kunijia. Nilifunga mdomo.

Hospitali waliniwekea dripu saa saba mchana. Mama Neema alifika akiwa na kanga begani na midomo iliyopasuka kama yangu, kwa sababu yeye pia alikuwa bado amefunga; alikuwa amekuja kutoka Bellevue kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Alinishika uso. Aliliombea kila kidole changu. Kisha macho yake yakaufuata mrija kutoka mkononi mwangu mpaka kwenye ule mfuko uliotundikwa, na nikaona akielewa kilichomo. "Hii ni maji?" alimuuliza nesi kwa Kiingereza chake. Nesi alisema ndiyo, maji na chumvi. Mama Neema alikaa kwenye kiti. Hakuinua sauti. Alilia kama mtu aliyefika stesheni akaona mkia wa treni. "Ilibakia masaa sita," aliniambia. "Mutoto wangu. Wangengojea masaa sita tu."

Jumatatu alikuja ofisa wa ustawi wa jamii, mwanamke kijana mwenye sauti laini, pamoja na Kocha Hettie. Mama Neema aliwekwa koridoni. Figo zangu, walisema, zilikuwa zimekaribia kusimama. Kocha hakuweza kunitazama. Alikuwa ameshika kofia yangu ya golini mapajani na akiizungusha. "Mimi nilikuona ukinywa," alisema. "Nilikuona kwa macho yangu." Ofisa aliniuliza kama kuna mtu nyumbani aliyenizuia kunywa maji. Alieleza kwa subira kila kitakachofuata. Nikisema ndiyo, sitarudi Bellevue. Nitapelekwa mahali salama, na shule ya kaskazini iko tayari kunipokea hata wiki ile, mwalimu mkuu amesema hivyo mwenyewe, alichotaka ni kuhakikishiwa kwamba mtoto ametoka katika mazingira yale. Nikisema hapana, basi jambo litaandikwa kuwa ni langu mwenyewe, na shule haitaweza kumpokea bwenini msichana anayejinyima maji bila sababu. Aliuliza pia, kama kwa bahati, iwapo kuna watoto wengine nyumbani. Mlango haukufungwa vizuri. Kupitia upenyo niliuona mguu wa Mama Neema, ndala ya bluu, na karibu nao viatu vya Neema vya shule vikining'inia bila kufika sakafuni.

Nilisema nilisahau kunywa. Ofisa aliuliza nilisahau vipi siku tatu. Nilisema nilikuwa na wasiwasi wa mechi. Aliniuliza mara ya tatu, na kocha akasema, "Riz, tafadhali," nami nikarudia kwamba nilisahau. Kocha aliinuka akaweka kofia juu ya kitanda, kisha akabadili mawazo akaichukua, maana ilikuwa mali ya klabu. Nafasi ya shule alipewa msichana wa ulinzi wa timu yetu, mtoto mwema, ambaye nasikia ni daktari wa wanyama. Mechi tulifungwa tano kwa mbili. Kipa wa akiba alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Sikurudi uwanjani, kwanza kwa amri ya madaktari, kisha kwa mazoea. Shule sikurudi kabisa. Mmoja wa wale ndugu washonaji alinionyesha jinsi ya kurekebisha mvutano wa uzi, na kutoka hapo nilisoma mwenyewe, kwanza vitabu vya cherehani, kisha umeme, kisha chochote ambacho maktaba ilikubali kuniazima. Nikiwa na miaka ishirini na tano hivi nilisoma habari za maji mwilini, nikakipeleka kitabu nyumbani, nikamkalisha Mama Neema na kumweleza: jasho, damu inavyokuwa nzito, misuli. Alisikiliza mpaka mwisho. Alipenda nilivyosoma. "Ni kweli," alisema, "ile kitabu ni muzuri. Lakini hapo haikuandikwa kwamba ilibakia masaa sita." Ndipo nilipojua kwamba hakuna kipande nitakachoweza kumwonyesha mezani. Kwake mashine ilikuwa nzima. Ilizimwa tu kabla ya kumaliza. Na jambo la ofisa yule na swali lake sikumwambia, si siku hiyo wala nyingine. Kama ningemwambia nilichotoa, ingebidi kwanza nimwambie alichochukua.

Miaka yake miwili ya mwisho figo zake ndizo zilizokufa, kwa sukari na presha. Nilimtembelea La Rochelle kila Jumapili. Watu wa hali yake hawaruhusiwi kunywa wanavyotaka; alikuwa na nusu lita kwa siku, na kwa kuwa Neema alishindwa kumkatalia, Jumapili maji niliyapima mimi, nikayagawa kwenye vikombe vidogo. "Unanifunga, Riziki," alisema. "Na mimi unanifunga kavu."

"Si kavu, Mama. Nusu lita."

"Kidogo ya hiyo inanitosha kunawa macho tu." Alicheka, akapasua kipande cha barafu kwa meno, maana madaktari walikuwa wamesema barafu ya kunyonya hupunguza kiu. Aliishika ile nyingine kwenye kiganja akaitazama ikilegea. "Kumbe inayeyuka polepole," alisema. Nilisubiri. Nilidhani safari hii atafika mwenyewe, kwamba ataziona nguo zile uani, na maji aliyoyakamua. Aliitia mdomoni, akafumba macho. "Ile kufunga yako," alisema baada ya kitambo, "ingefika."

Matanga yalipokwisha na masufuria ya kukodi yalipopakiwa garini, Neema alinifuata jikoni. Anakisikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama wenzake waliokulia hapa, kwa hiyo naandika maana tu ya alichosema. Alisema mama yake alimwagiza anipe kitu, ila asinipe mpaka yeye awe chini ya udongo. Ni kopo la maziwa ya unga, lililoliwa na kutu kwenye ukingo. Nililifahamu kabla hajaliinua vizuri. Neema alieleza kwamba lilikuwa kabatini miaka yote, walihama nalo mara nne, na hata wakati ule walipokatiwa umeme, na wakati walipoishi kwa chai wiki nzima, mama yake hakuruhusu liguswe. Kanisani halikuweza kwenda kwa sababu kufunga hakukufika mwisho, na shukrani haitolewi kwa kitu kisichofika. Kuliwa halikuweza kwa sababu liliwekwa kwa jina langu. Lilikuwa halina pa kwenda. Neema aliniuliza, "Hivi mwaka ule ulikuwa wa nini, dada? Nakumbuka njaa tu." Nilimwambia ulikuwa mwaka niliokuwa nikicheza barafuni.

Nilikuja nalo Troyeville na kulifungua juu ya meza ya kazi, kwa bisibisi, maana kifuniko kilikuwa kimeshikana. Zilikuwa noti za zamani, tembo na faru, zilizokunjwa pamoja, na sarafu chini. Harufu ya maziwa ilikuwa imekwisha. Watu sita walikaa na njaa siku tatu ili kitu kimoja kitokee, na mimi peke yangu ndiye niliyebaki kujua kwa nini hakikutokea. Kilichookolewa ni randi tisini na nne na senti hamsini.